Jina la Kuita

Askari wa barieri aliingiza kikombe cha bati ndani ya mfuko wa mchele wa Generose mara tatu. Mara ya kwanza alisema ni cha mkubwa wake, mara ya pili akasema ni chake, na ya tatu hakutoa sababu. Jua la bonde la Ruzizi lilikuwa limeshapanda. Nyuma ya kamba iliyofungwa kukata barabara ya Uvira walikuwa wamejipanga wanawake wenye mizigo, pikipiki tano, na mzee mmoja mwenye mbuzi. Generose aliutazama mchele wake ukimwagwa ndani ya ndoo ya kijani. Alikuwa ameutwanga siku mbili kule Sange, na viganja vyake bado vilikuwa na malengelenge.

"Shefu, basi," alisema. "Ile mchele haiko yangu."

"Iko ya nani?"

"Iko ya mugeni. Napeleka ku Vainqueur."

Askari alisimamisha kikombe hewani. Kisha alicheka, akamwita mwenzake aje asikie. "Vainqueur! Ule wa ku Ulaya! Huyu mama anamupelekea mchele!" Mwenzake naye akacheka. Hata mzee wa mbuzi alicheka, ingawa yeye alicheka kwa kuwa askari walikuwa wanacheka.

Ndipo simu ikalia katika mfuko wa suruali ya askari. Mlio wake ulikuwa sauti ya mwanamke msibani. Sauti ilipanda, ikakwama, ikakatika katikati ya jina: *Keza we, garuka*. Ngoma ikaingia chini yake, gitaa likafuata, na mwanamke akaita tena. Askari hakupokea. Aliiacha iendelee kuimba huku akitikisa mabega, kikombe kingali mkononi, na waendesha pikipiki wakaitikia kwa pamoja: "Keza!"

Generose alifunga mdomo wa mfuko. Mwanamke aliyekuwa akilia ndani ya simu ile ni yeye.

Ulikuwa mwezi wa nane tangu ajisikie kwa mara ya kwanza, sokoni Sange, kwenye redio ya muuza sabuni. Hakuna aliyemwambia. Mtu huijua sauti ya kilio chake hata kama hajawahi kuisikia kwa nje, na siku ile alianguka chini kati ya mafungu ya mihogo, watu wakadhani ni malaria.

Miaka sita kabla ya hapo, watu wenye bunduki waliingia alfajiri katika kitongoji kimoja juu ya Lubarika, wakachoma nyumba kumi na nne. Generose alikuwa mtoni kuchota maji. Binti yake Keza, mwenye miaka saba, alikuwa amelala ndani. Waliozika walizika kile moto ulichobakiza, katika shimo moja na watu wengine tisa. Hapakuwa na mwili wa kuosha wala nguo ya kumvisha. Siku ya tatu, katika darasa la shule ya Sange ambamo waliokimbia walikuwa wamelazwa chini, akaja kijana wa redio aitwaye Hyacinthe, na kinasa sauti chake. Alimwomba Generose aseme yaliyotokea. Generose alifungua mdomo aseme, kikatoka kilio. Alimwita mtoto kwa jina, dakika nne nzima, jinsi wafiwa wa kwao wanavyoita. Hyacinthe alilia pamoja naye. Jambo hilo Generose hakulisahau, kwamba yule kijana alilia kweli.

Baadaye Hyacinthe alimpa sauti ile rafiki yake wa studio ng'ambo ya mpaka, Bujumbura. Rafiki akaituma kwa Vainqueur. Vainqueur alikuwa mtoto wa Nyamianda, mjini Uvira, lakini alivushwa ziwa mgongoni mwa mama yake vita vilipokuwa bado vibichi, akakulia kambini Tanzania, kisha Ubelgiji. Kifuliiru chake kilibaki cha salamu, na Kirundi hakuwahi kukijua. Aliuliza: Keza maana yake nini? Akajibiwa: mzuri, mrembo. Na garuka? Rudi. *Mrembo, rudi*. Hakuna aliyemdanganya, ndivyo maneno yenyewe yasemavyo. Basi akaweka chini yake gitaa la mapenzi, akajaza beti za msichana aliyemwacha kwenye kituo cha treni, na kilio cha Generose kikawa kiitikio.

Ulaya walicheza. Montréal walicheza, Nairobi wakajaza uwanja. Ziara ile ndefu iliitwa Turne Keza, jina likapigwa chapa kwenye fulana, kwenye kofia, na kwenye makopo ya kinywaji. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Hawakusema kama wa mbali wataingia na spika.

Laiti ingekuwa ni aibu tu, Generose angeimeza. Alikwisha meza mengi: mume wake Libérat alivuka Ruzizi akaoa kwingine, na shamba lake la juu likalimwa na watu asiowajua. Hili halikumezeka, kwa sababu ya kuganduka.

Kwa watu wa kwao, Warundi wa bondeni, mfiwa ana ruhusa ya kumwita marehemu wake. Anamwita mpaka siku ya kuganduka, siku ya kuondoa matanga, watu wanapokunywa pamoja na kurudia kazi zao na raha zao. Kuanzia hapo jina la marehemu haliitwi tena kwa sauti ya kilio. Ukoo ulikuwa umekawia, maana kila walipotaka kukutana risasi zililia mahali, watu wakatawanyika. Mwaka huu ndio walikuwa wamepanga siku, ndizi za pombe zikavundikwa, na wimbo ukaingia bondeni wiki hiyohiyo.

Aliyekataa kuganduka ni Senge Pudentienne, shangazi wa Libérat, mwanamke mfupi aliyebaki peke yake kati ya wakubwa wa ukoo.

"Mukazana wangu," alimwambia Generose, kwani hata mume alipoondoka yeye hakuacha kumwita mkazamwana, "minye siwezi kufunga mulango wakati muntu anaitwa inje. Kuganduka ni kusema: nenda, hatukuite tena. Sasa tutasema aje vile, na redio iko inamuita mara kumi ku siku?"

"Si minye namuita, Senge."

"Ni sauti ya nani?"

Generose alizifunika upya ndizi zilizovundikwa.

"Mutoto anajua sauti ya mama yake," Senge Pudentienne alisema. "Yeye alishafika kati ya njia. Anasikia, anageuka. Anakuja mpaka hapa, hakuna kitu, anaanza njia upya. Myaka saba, na miguu ile yake kidogo."

Na ni kweli alikuwa anakuja. Generose hakumwambia mtu isipokuwa shangazi. Alikuwa akiinama kwenye mpunga saa sita mchana, kweupe, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, na redio ya jirani ikipiga wimbo barabarani. Wimbo ukiisha, muda kidogo, anasikia nyayo ndani ya maji nyuma yake. Nyepesi, za haraka. Akisimama, zinasimama. Hakuwahi kugeuka, maana aliogopa atakachokiona, na aliogopa zaidi kutokiona. Alikuwa anasema tu, uso ukiwa bado umeelekea mpunga: "Sikukuita minye, mwanangu. Iko redio. Enda." Siku moja wimbo ulipigwa mara tano mfululizo kwenye harusi ya jirani, na Generose akakaa ndani ameshika mlango, akimsikia akija na kurudi, akija na kurudi.

Kwa hiyo aliposikia kwamba turne itamalizikia Uvira kabla ya kwenda Amerika, alitwanga mchele. Mtu haendi kuomba mikono mitupu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwa ajili ya Vainqueur mji ulikuwa umepata umeme siku tatu mfululizo. Nyamianda nzima ilikuwa na mabango. Generose alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba ya ghorofa iliyokodiwa na waandaaji, akapita kati ya vijana waliovaa kifuani jina la mtoto wake. Msichana mmoja alipita na kanga mpya, na vijana wakampigia mluzi: "Mama Keza! Mama Keza!" Ndivyo walivyokuwa wanawaita warembo siku hizo. Generose aligeuka. Miaka saba hakuwa na jina jingine ila hilo. Wanawake wa kitongoji walimwita Mama Keza asubuhi na jioni, mpaka moto, na baada ya moto wakarudi kumwita Generose kwa kumwonea huruma. Vijana walimwona mwanamke mwenye mfuko kichwani amewakazia macho, wakacheka.

Hyacinthe ndiye alikuwa mkubwa wa mambo yote pale. Alikuwa amenenepa, na simu mbili shingoni. Alimtambua mara moja.

"Mama! Weye njo Mama Keza mwenyewe! Tulikutafuta sana!" Ilikuwa ni uongo, lakini aliusema kwa furaha ya kweli. Alimpokea mfuko, akamtafutia kiti na soda.

Generose hakukaa. "Hyacinthe, sikuje kucheza. Nakuja kuomba kitu moja."

"Omba, mama."

"Muache kumuita mutoto."

Hyacinthe alitazama huku na huku. "Mama, wimbo ni lile jina. Ukitoa jina kunabakia nini?"

"Kunabakia ngoma."

"Ngoma tu haiwezi."

"Ulininasa sauti ju ya redio. Ulisema: mama, sema, bantu bajue."

"Na balijua, mama. Dunia nzima inajua."

"Inajua nini?"

Simu moja ikalia, Hyacinthe akaizima bila kuitazama. Yeye Kirundi alikijua vizuri. Nyanya yake alikuwa wa Lubarika. Alijua tangu mwanzo ni wimbo gani, na alijua kuganduka ni nini. Alishika mfuko wa mchele, akasema taratibu: "Kuja. Umwambie mwenyewe."

Vainqueur alikuwa amekaa sakafuni chini ya feni, miguu mitupu, chupa ya maji kando. Alikuwa mdogo kuliko kwenye mabango. Alipoambiwa huyu ni mama wa sauti, alisimama, akamshika mikono yote miwili, akainama mpaka paji la uso likagusa vidole vya Generose. Hakuna mkubwa yeyote aliyewahi kumfanyia hivyo, na Generose akatamani angalau awe mtu mbaya.

Alimweleza. Hyacinthe alitafsiri kwa Kifaransa pale Kiswahili cha kijana kilipokwama. Alipofika kwenye nyumba, Vainqueur aliinua mkono.

"Keza alikuwa mutoto?" Alimgeukia Hyacinthe. "Uliniambia ni mrembo."

"Njo maana yake. Mrembo."

"Uliniambia anamulilia rafiki yake."

"Nilisema anamulilia muntu wake," Hyacinthe alijibu kwa sauti ndogo.

Vainqueur alikaa tena chini. Alisema wimbo si wake tena, uko mikononi mwa kampuni, na kampuni ina mikataba, na mikataba ina miji kumi na mmoja ya Amerika ambayo imeshabandika jina lile kutani. Alisema yeye mwenyewe akiacha kuuimba, wataupiga bila yeye. Alisema hivyo kwa aibu, kama mtoto anayesoma ubaoni kitu ambacho hakukiandika. Kisha akafikiri sana.

"Mama, leo nitakupa mikro. Weye mwenyewe uwaambie bantu. Kama nyumbani, ku Uvira, bantu bananyamaza kwa hilo jina, tutapiga video, nitaipeleka ku bakubwa. Nitawaambia: muone, ku kwao hawaliimbe. Hapo niko na nguvu ya kusema."

"Utasema?"

"Naapa ju ya mama yangu."

Generose alimtazama usoni, akaona kwamba anaapa kweli. Tangu asikie redio ya muuza sabuni, hakuna aliyekuwa amempa kitu kinachofanana na tumaini. Alikubali. Sasa kila kitu kilikuwa juu ya watu wa Uvira, kama watanyamaza au hawatanyamaza, na watu wa Uvira wanajua msiba.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliyeingia alikuwa mwanajeshi mrefu mwenye kofia iliyolazwa upande, na walinzi wawili walibaki nje. Hyacinthe akasimama wima.

"Karibu, komanda."

Komanda alisema tamasha lianze saa nane na limalizike saa kumi na moja, kwa sababu saa kumi na mbili ni marufuku kutembea. Alisema watu wake watazunguka jukwaa. Generose hakuyasikia maneno, alisikia sauti tu. Sauti ile ilikuwa ya André, aliyekuwa akinunua mpunga bondeni kabla hajashika bunduki, na ambaye siku moja ya mvua alikula ugali nyumbani kwao, akayasifu meno ya Keza. Ndiyo sauti aliyoisikia kutoka mtoni asubuhi ile, ikitaja nyumba zilizobaki: *na ile, na ile pale*. Ilipofika amani ya karatasi, wenye bunduki walishuka milimani wakapewa vyeo, na wenye majivu walipewa blanketi.

"Huyu mama ni nani?" komanda aliuliza.

"Mama ya wimbo, komanda."

"Aaa!" Alitabasamu. Hakumkumbuka, alikuwa amekula kwenye nyumba nyingi. "Wimbo muzuri sana. Hata mutoto yangu anaimba."

Alipotoka, Hyacinthe alimvuta Generose kando, karibu na masanduku ya fulana.

"Mama, ku mikro, sema vita. Usiseme nani."

"Vita haina mikono, Hyacinthe. Vita haikuwashe kiberiti."

"Ruhusa ya leo iko na sahihi yake. Ukisema jina, leo hatutalala ku nyumba zetu, weye na minye. Sema vita tu. Kila muntu ataelewa."

Generose alikaa juu ya sanduku. Hasira ilimpanda polepole, hasira ambayo huzuni ilikuwa imeifunika miaka sita. Jina la mtoto wake liliitwa Paris na Nairobi, na watu waliokunywa bia, na watu wasiojua kulitamka. Jina la André halikuitwa popote, hata kwa kunong'ona, hata makaburini. Lakini alijiambia kwamba hakuja kwa ajili ya André. Alikuja kwa ajili ya nyayo zile.

Uwanja ulikuwa karibu na ziwa, na maji yalikuwa yamepanda mwaka ule mpaka goli moja lilisimama ndani yake. Watu walikuwa labda elfu saba. Wengine walipanda ukuta. Vainqueur aliimba nyimbo sita, na uwanja ukatoa vumbi. Kisha akanyamazisha wapigaji, akamleta Generose kwa mkono, akamwekea mikro mkononi, akamwonyesha jinsi ya kuikaribisha mdomoni. Nyuma ya jukwaa kitambaa kikubwa cheupe kilionyesha uso wake, mpana kuliko mlango wa kanisa.

"Minye njo Mama Keza," alisema.

Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba alirudi nyuma hatua moja. "Keza! Keza! Keza!" Na papo hapo, juu ya mbao za jukwaa, nyuma yake, akazisikia nyayo zikija mbio. Hakugeuka. Alingoja mpaka watu wakachoka.

"Keza haiko bibi ya muntu. Alikuwa mutoto yangu. Alikuwa na myaka saba. Balimuchoma mu nyumba, kule juu ya Lubarika. Hii munaimba, ni matanga yake."

Ukimya ulianzia mbele, ukasambaa nyuma. Mwanamke mmoja aliivua kofia yenye jina akaishika kifuani.

"Hajalala tangu mwaka ulianza, ju munamuita. Kila wakati munamuita, anarudia. Nataka kuganduka, nataka aende. Munajua vile ni. Wote hapa muko na bantu benu mu udongo. Nawaomba, muache kumuita. Munyamaze tu."

Na walinyamaza. Watu elfu saba, walevi na wauza karanga na wasichana wa shule, walinyamaza mpaka ikasikika sauti ya maji yakigonga nguzo za goli. Vainqueur alikuwa ameinamisha kichwa. Hyacinthe, pembeni, alikuwa ameinua simu, ananasa. Generose alisikia nyayo nyuma yake zikisita. Kisha akazisikia zikianza kwenda. Zilishuka ngazi za jukwaa moja moja, bila haraka, zikaelekea upande wa milima, na machozi yakamtoka, kwa kuwa tangu azaliwe yule mtoto hakuwahi kuondoka bila kukimbia.

Angeshuka hapo. Senge Pudentienne angemwambia ashuke hapo. Lakini kutoka katikati ya uwanja mtu mmoja, mwanamume, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, jinsi mtu anavyouliza kwenye msiba wa jirani:

"Nani alimuchoma, mama?"

Hyacinthe alitikisa kichwa. Midomo yake iliandika hewani: vita, vita. Chini ya jukwaa komanda André alikuwa amesimama na mikono nyuma, akimtazama kwa upole, akingoja jibu pamoja na wengine. Alikuwa na alama ya mafuta kwenye shavu, labda ya samaki wa mchana. Ilikuwa kitu kidogo sana, ile alama ya mafuta. Generose aliona kwamba mtu huyu amekula vizuri, na kwamba kesho atakula tena.

"Kama munataka jina ya kuita," alisema, "nitawapa jina. Muite hii. Muite André. André, ule komanda..."

Fundi wa sauti alikuwa kijana makini. Nani alimpa ishara haikujulikana kamwe. Hyacinthe baadaye aliapa si yeye, na Vainqueur aliapa si yeye. Kidole kilishuka tu. Mikro ya Generose ikafa mkononi, na kutoka kwenye spika kumi na mbili, kwa nguvu iliyotikisa mbao, sauti yake ya miaka sita iliyopita ikalia juu ya kichwa chake: *Keza we, garuka*.

Uwanja ulisitasita. Watu wa mbele walikuwa wamesikia kitu, wakatazamana. Lakini wa nyuma waliona kwenye kitambaa cheupe uso wa mama, midomo yake ikifunguka na kufungwa, mishipa ya shingo imesimama, na wakasikia kilio, wakajua kwamba ameamua kuwaimbia. Ngoma ikaingia. Miili iliyokuwa imeujua wimbo miezi minane haikungoja kufikiri.

Generose aliita jina la André mara ya pili. Aliita mara ya tatu, akaitupa mikro, akaita kwa mikono miwili mdomoni. Hakujisikia. Alichokisikia ni yeye mwenyewe, mwanamke wa darasani Sange, akimwita mtoto arudi, na katikati ya ngoma, kutoka upande wa milima, nyayo zikigeuka.

"Keza!" watu elfu saba waliitikia.

Chini ya jukwaa komanda André aliinua mkono wake wa kulia, akaitikia pamoja nao.